Paipu Iliyosimama Kichwani pa Kaburi

Tarehe tisa Mei mwaka wa 1969 nilimpoteza mume wangu. Aliugua majuma mawili. Katika hospitali ya misheni walituambia ni homa ya matumbo, wakauliza tunakunywa maji ya wapi. Nikasema ya mto. Hawakuuliza lingine.

Watu huniuliza kama kweli nilimjua yule mama Mfaransa ambaye baadaye alikuwa mbunge kwao. Nilimjua. Lakini siwezi kumweleza bila kuanza na mume wangu, na siwezi kumweleza mume wangu bila shamba.

Shamba letu, nje ya Eldoret upande wa Plateau, lilikuwa la kaburu mmoja. Baada ya Uhuru aliuza akaenda kusini, na watu wetu, ambao wengi walikuwa vibarua wake, wakachanga, wakaunda kampuni, wakanunua. Maji yalikuwako. Chini mtoni kulikuwa na mashine ya chuma isiyokunywa mafuta. Maji ya mto yaliteremka ndani ya paipu nene na kuipiga, nayo ikasukuma maji kidogo kidogo hadi kwenye tangi juu kilimani. Tulipokuwa vibarua tulilala tukiisikia ikidunda.

Kosa tulilofanya, tulilifanya kwa kutafuta haki. Tuligawana kila kitu sawasawa: ng'ombe, waya, mabati ya ghala, hata milango. Ilipofika zamu ya maji, mtu mmoja akauliza, paipu zikibaki ardhini zitakuwa za nani, za yule ambaye zimepita kwake? Hapo watu wakaanza kuogopana. Basi zikafukuliwa zote, zikapigiwa kura kama mashamba yalivyopigiwa, na kila mwenye shea akabeba yake nyumbani. Wanaume walifurahi. Sisi wanawake tulichukua mitungi tukateremka mtoni.

Mume wangu alipata moja ya zile nene. Wenzake wakamtania kwamba amepata mzinga wa kuwapiga Wazungu waliochelewa kuondoka. Alikuwa akiikalia jioni, akisema ataitafutia kazi. Alipokufa kabla ya kuitafutia, mama yake akasema isimame kichwani pake. Tukaichimbia chini, tukafunga ubao kwa waya uwe msalaba. Hatukuikata. Ilikuwa ndefu kuliko nyumba yetu, na wageni walioelekezwa kwetu waliambiwa watazame ile paipu.

Mwaka uliofuata ndipo yule Mfaransa alipokuja. Wamisheni walimleta kwa kazi ya maji, akaona mashine yetu imeota nyasi, akaomba kuifufua. Alivaa suruali na buti za mpira. Kiswahili alikuwa amejifunza Tanganyika, kwa hiyo alisema shikamoo kwa kila mtu, na wazee wetu, ambao hawakuizoea, walicheka na kumpa mkono. Alikuwa amesoma uhandisi katika chuo ambacho wasichana, aliniambia, walikuwa wachache mno hata hawakujengewa choo. Kazi yake ya kwanza kwao alipewa meza ya kuchora, na wanaume ndio waliokwenda kuona kilichojengwa. Ndiyo sababu alitoka.

Nilikuwa nimesoma hadi Standard Four, nikaombwa nitembee naye nyumba hadi nyumba kuomba paipu zirudi. Siku ya kwanza alifika kwa mtu, akaeleza habari ya maji kwa penseli na karatasi kabla hata chai haijachemka. Tukatoka mikono mitupu. Njiani nikamwambia kwamba kwetu jambo huja nyuma ya chai, na kwanza huulizwa ng'ombe, kisha watoto, kisha mvua. Hakubisha. Nyumba iliyofuata aliuliza habari za ng'ombe mpaka mwenye nyumba mwenyewe akachoka, akasema, sasa sema kilichokuleta.

Paipu tulizikuta zimekuwa nguzo za lango, bomba la moshi, mti wa kulalia kuku. Mzee mmoja aliweka yake chini ya kitanda, imefungwa gunia. Akamwuliza, kwa kumchokoza, kama kwao hakuna wanaume wa kutengeneza maji.

"Wako, Mzee," akasema. "Wanangoja mvua."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaivuta ile paipu akaiangalia. "Hii ndio kitu nilipata ya Uhuru," akasema. "Nitawapa. Lakini mimi nichote wa kwanza."

Wengine walitoa, wengine walikataa kisha wakatoa. Vipande vilivyokatwa vilipelekwa mjini vikaungwa. Kwa kupandisha maji kilimani, alisema, vya kuungwa vitafaa. Ila zile za kuteremsha maji hadi kwenye mashine zilitaka kuwa nene na nzima, maana hapo ndipo maji hupiga. Tulizipata zote isipokuwa moja. Kuagiza nyingine kungengoja mwaka, na pesa hazikuwako.

Kila mtu alijua hiyo moja iko wapi. Hakuna aliyeitaja mbele yangu mpaka siku ya mkutano.

Mkutano ulikaa katika ghala la kaburu, wanaume kwenye mabenchi, wanawake nje dirishani. Mimi nilikaa ndani kwa sababu ya shea ya marehemu, lakini nilikaa kama kiti. Mwenyekiti alisema kwa heshima kwamba kaburi ni kaburi, lakini watoto wanakunywa tope, na kampuni iamue kwa kuinua mikono. Mzee mwingine akasema kitu cha marehemu hakiguswi, atakayekigusa atakuja kulaumiwa na nyumba hiyo siku moja. Sauti zikapanda. Walibishana juu ya mume wangu kama vile alikuwa mpaka wa shamba.

Yule Mfaransa alikuwa dirishani pamoja na wanawake. Akagonga fremu.

"Hapa hakuna kura," akasema. "Mama yuko hapo. Aulizwe yeye."

"Na akikataa?" mwenyekiti akauliza.

"Akikataa, ni hapana. Mimi nitaenda tafuta nyingine."

Wanaume wakanigeukia. Nilisema tu kwamba nitaongea na mama mkwe, nikatoka.

Nitasema ukweli kama ulivyokuwa. Sikutaka kuitoa. Usiku huo niliwaza kwamba walikwisha gawana kila kitu, na sasa wanarudi kwa hiki. Pia niliwaza habari ya maji ya mto, na watoto wangu waliokuwa wamelala. Mawazo hayo mawili hayakupatana mpaka asubuhi.

Mama mkwe alinikuta nikikamua. Alikuwa amesikia yote, maana kwetu habari hutangulia mtu nyumbani. Akaniuliza kama nakumbuka jembe la mwanawe. Nikasema nakumbuka, lilikuwa halilali nyumbani hata siku moja.

"Alikuwa mtu wa kuazima watu," akasema. "Tuwaazime."

Waliokuja kuing'oa ni watu wa kanisa. Mama mkwe aliishika kwa mkono mpaka ilipolala chini. Ndani nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo, na yule Mfaransa alipiga magoti akaisafisha mwenyewe kwa kitambaa kwenye fimbo, polepole. Fundi alituletea msalaba wa mti wa mutarakwa, mfupi, mzuri. Siku chache baadaye tulisikia mashine ikidunda. Maji ya kwanza yalitoka mekundu ya kutu. Mzee wa gunia alichota wa kwanza, akayanywa hivyo hivyo.

Mwaka wa 1972 yule Mfaransa alirudi kwao. Habari zake zilitufikia kupitia wamisheni. Tulisikia amesimama kuwa diwani katika mji wake, akashindwa. Akasimama tena, akapita. Halafu tukasikia yeye ndiye anayeongoza baraza la mji, kisha amekuwa mbunge. Mmisheni mmoja alituletea picha kutoka gazeti la kwao, amekaa katikati ya wanaume wenye tai. Mama mkwe aliitazama akauliza nani sasa anashika spana.

Mwaka wa 1978 alikuja na wajumbe wenzake kutembelea nchi, akaomba aletwe kwetu kwa saa moja. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Aliuliza ng'ombe, watoto, mvua, kwa utaratibu, na mimi nikamjibu kwa utaratibu. Wakati wa chai akanieleza jinsi alivyoshindwa mara ya kwanza. Alikuwa amewaeleza watu madaraja na mitaro kwa michoro, tena vizuri, na wakampigia makofi wakamchagua mwingine. Mara ya pili aliacha michoro kwenye gari akaenda mlango hadi mlango. Alisema bungeni pia wanaume humwuliza kama mjini kwake hakuna wanaume wa kazi hiyo.

"Unawajibu nini, Madam?" nikamwuliza.

"Najibu kama nilivyojibu Mzee. Lakini wao hawacheki."

Mama mkwe alikuwa haoni vizuri tena. Alimshika mkono, akakipapasa kiganja. "Umelainika," akamwambia. "Wamekupa kazi ya kukaa."

"Ndiyo, Mama. Nakaa sana."

Tulikwenda kaburini sisi watatu. Alisimama kidogo, akagusa mutarakwa. Mashine ilikuwa ikisikika kutoka mtoni. Mimi sikulia, ingawa nilidhani nitalia.

Tuliporudi uani aliona mfereji, yaani bomba letu la maji ya tangi, unadondoka. Akaomba spana na kipande cha mpira. Nilimletea spana ya mume wangu na kandambili kuukuu ya mtoto. Dereva wa serikali akapiga honi. Alikata mpira kwa kisu cha jikoni, akafungua mfereji, maji yakamrukia kwenye nguo nzuri, akauweka, akakaza. Honi ikapigwa tena. Akafungua mfereji, akaufunga, akangoja kuona kama utadondoka. Haukudondoka. Akanirudishia spana, akaingia garini.