Jumamosi Tulipopima Matumbo

Mapafu ya ng'ombe yakichemka hutoa harufu kama ya chuma kilicholowa, na nyuma ya harufu hiyo huja nyingine, tamu kidogo, inayonata kwenye pazia na kwenye nywele. Naijua vizuri. Mwaka huu nafanya kazi kwa watu Kilimani, nyumba yenye mbwa, na kila asubuhi nawachemshia mapafu na mchele na karoti kidogo, bila chumvi, bila kitunguu. Sufuria ikianza kutoa povu la kijivu nafungua dirisha na kugeuza uso. Haisaidii. Papo hapo niko Riruta nilikokulia, nina miaka tisa, nimechuchumaa nyuma ya tangi la maji, na mkononi nimeshika tepu ya mama ya kupimia watu nguo.

Nimefanya kazi nyingi na sijakaa sana kwenye yoyote. Shule niliiacha nikiwa kidato cha pili. Nimeosha magari Parklands, nimepanga viatu vya mitumba, nimepika chai kwenye majengo yanayojengwa, na kila nilikokwenda niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Lakini hili ninalokueleza sijawahi kulimaliza mbele ya mtu. Nikifika katikati, huwa nakumbuka jambo lingine la kuzungumzia.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi vya mabati vilivyotazamana, choo mwisho, tangi jeusi la maji, na nyuma ya tangi kibanda cha Bosi. Bosi alikuwa mbwa jike wa ploti, rangi ya vumbi, mbavu nje. Alikula kilichobaki: ukoko wa ugali, maji ya maharagwe, na siku ya bahati mapafu ambayo mwenye bucha alimtupia. Kupe tulimtoa kwa vidole na kuwapasua juu ya jiwe, na hayo ndiyo yalikuwa matibabu yake yote. Agosti moja, shule zimefungwa na baridi imetanda, akazaa watoto sita. Wawili walikufa kabla hawajafungua macho. Tulisema ni baridi.

Msimamizi wa ploti aliitwa Musyoka, mtu mfupi aliyetembea na funguo nyingi kiunoni hata ukamsikia kabla hujamwona. Alikuja akainama kibandani, akainuka, akatutangazia sisi watoto kwamba mwenye ploti anataka mbwa mmoja tu wa kumsaidia Bosi kulinda.

"Shule zikikaribia kufunguliwa nabakisha moja," alisema. "Ile imenona. Hizo zingine zinaenda."

"Zinaenda wapi?" nikauliza.

"Zinaenda," akasema, na funguo zikaondoka naye.

Siku hiyohiyo tuligawana. Wawili walichukuliwa na watoto wa vyumba vya mwisho, mmoja na Njeri, rafiki yangu wa mlango wa pili, na mmoja nikamchukua mimi. Njeri alimwita wake Tiger. Wangu nilimwita Mandazi, kwa sababu alikuwa wa kahawia na alianza kuvimba mapema. Kila Jumamosi, mama akienda kanisani kwa mazoezi ya kwaya, niliitoa tepu kwenye droo ya cherehani, tukawazungushia matumbo, na namba nikaziandika ukutani kwa mkaa. Mama alipoona manyoya kwenye tepu aliiosha kwa sabuni, akaniuliza, "Nekesa, mteja akipata viroboto kiunoni, nimwambie ni fasheni?" Lakini hakunikataza.

Nilimlisha Mandazi nusu ya ugali wangu. Nilimwekea chai ya maziwa kwenye kifuniko cha kopo. Nyakati nyingine nilitafuna chakula kwanza nikakitema kiganjani ili akimeze upesi. Alikula kila kitu na kulia apewe zaidi, na tumbo likawa gumu kama mpira mpya, likang'aa. Leo naweza kukwambia mengine niliyokuwa nayaona: miguu kama njiti, manyoya yaliyosimama kama brashi kuukuu, kikohozi kidogo cha asubuhi. Sisi tulitazama tumbo. Watu wazima pia walitazama tumbo. Dada wa chumba cha tano, aliyekuwa mjamzito, alisimama na ndoo yake akasema, "Nekesa, mimi nikizaa nakuletea wangu ulee. Ona vile hii imeshiba." Nililala na sifa hiyo siku nyingi.

Mama yake Njeri ndiye peke yake aliyesema vingine. Alifuga sungura kwenye masanduku ya mbao mlangoni pake, na alikuwa mtu wa dawa. Kila shule zikifungwa aliwapanga watoto wake na kuwapa vidonge vya minyoo, na baba yao naye akapanga foleni. Alitubembeleza hata sisi wengine. Ndugu yangu Wafula, aliyekuwa na miaka miwili, kidonge chake kilivunjwa na kukorogwa katika uji kwa mkono wa Mama Njeri. Siku moja alimwinua Tiger, akambonyeza tumbo taratibu kwa vidole viwili, akasema, "Hii si shibe." Akampima kwenye mizani ya sungura, akaenda duka la dawa za mifugo, akarudi na kichupa cha dawa ya njano.

Kesho yake Njeri alinigongea mlango. "Kuja uone."

Alikuwa ameshika kijiti. Kwenye kinyesi cha Tiger kulikuwa na fundo la vitu vyeupe, virefu, kama tambi zilizopikwa, na kimoja kilikuwa bado kinajikunja. Niliinama karibu kuliko alivyoinama yeye. Nilitaka kujua macho yake yako wapi, mdomo wake uko wapi.

"Zilikuwa ndani yake zote," Njeri alisema. "Zinakula chenye anakula." Kisha akatoa mfukoni sirinji isiyo na sindano, ndani yake dawa ya njano. "Mama amesema umpe Mandazi. Ameweka nyingi kidogo kuliko ya Tiger, kwa sababu yako ni nzito. Halafu tena baada ya wiki mbili."

Nilisema asante. Nilikusudia kumpa siku hiyo.

Lakini mchana nilimwona Tiger akipita, na nikaona kwamba tumbo lake limeshuka. Nilichukua tepu kimyakimya, nikampima. Inchi tatu zilikuwa zimeondoka. Hiyo ilikuwa Jumatano, na Musyoka alikuwa amekwisha sema atachagua Jumamosi. Sikuhitaji mtu wa kunieleza hesabu hiyo. Niliichomeka sirinji kwenye tundu la tofali nyuma ya tangi, nikaziba na karatasi ya nailoni.

Ijumaa Mandazi alitapika. Katikati ya ugali uliotapikwa palikuwa na mnyoo mmoja, mzima, ukitafuta njia kwenye saruji. Nilitazama huku na huku, nikamwaga mchanga juu yake, nikakanyaga. Nikamwambia Mandazi sikioni, avumilie siku moja tu, kesho baada ya Musyoka tutakunywa dawa. Niliona ni mpango mzuri. Hakuna mtu angepoteza kitu.

Jumamosi asubuhi tuliwapanga mbele ya tangi. Watoto wa ploti walikuwa wameanza kumwita Tiger Sindano kwa vile alivyokonda, na jina hilo lilitoka kwangu. Musyoka alipomwinua, wote wakapiga kelele, "Sindano! Sindano!"

"Lakini huyu ndiye anakimbia," Njeri alisema. "Angalia basi."

Ilikuwa kweli. Tiger alipowekwa chini alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya kiatu cha Musyoka akaanza kuivuta. Mandazi alikaa pale alipowekwa, akatazama mbele yake.

"Mbwa ya ploti si ya kukimbia," Musyoka alisema. "Ni ya kukaa." Akaipokea tepu kutoka kwangu. Mandazi, inchi kumi na nne. Tiger, kumi na moja. Wale wengine wawili walikuwa katikati. Akafungua mdomo wa gunia.

Wale wawili aliwatia mwenyewe. Tiger, Njeri alimtia kwa mikono yake, na alipokuwa akimshusha, Tiger alikuwa anamlamba kidevu. Njeri hakulia. Alinigeukia na kuniuliza, "Ile dawa ulimpa?"

"Nilimpa," nikasema.

Musyoka alirudi kabla ya chakula cha mchana. Gunia alilikunja vizuri akaliweka kwapani. Lilikuwa limelowa, na siku hiyo mvua haikunyesha popote.

Nilimpa Mandazi dawa alasiri hiyo. Alitoa minyoo mingi Jumapili, mingi kuliko nilivyodhani inaweza kukaa ndani ya kitu kidogo namna ile, kisha akaanza kutapika na hakutoa tena kitu. Jumatatu shule zilifunguliwa. Niliporudi kula mchana alikuwa amelala ubavu, tumbo bado gumu, na nilipomfunua mdomo ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Jumanne alikuwa baridi.

Mama alisimama juu yake na mkasi mkononi. "Mbwa ameshiba hivi, amekufaje?"

Sasa, wewe unayenisoma, sikusema uongo mkubwa. Nilisema, "Mama Njeri alitoa dawa, nikampa."

"Dawa ya sungura?"

"Sijui," nikasema. Nilijua.

Kabla ya jioni ploti nzima ilikuwa na habari kwamba mama mwenye sungura ameua mbwa wa mwenye ploti. Musyoka alikwenda mlangoni pake na funguo zake akapaza sauti. Mama Njeri alimsikiliza mpaka akamaliza, akauliza mara moja tu, "Alipewa lini?" na hakuna aliyemjibu, kwa sababu mtu pekee wa kumjibu alikuwa nyuma ya pazia la chumba chetu, cha nne. Tangu siku hiyo hakuna aliyepokea kidonge mkononi mwake. Bosi alipozaa tena hakuna aliyethubutu kuwagusa wale watoto na dawa, na hawakufika mwezi. Wafula hakukorogewa tena kitu katika uji. Tumbo lake likawa duara, na watu walimpigapiga pale na kumwambia mama, "Huyu unamlisha vizuri." Mwaka uliofuata alilazwa wiki mbili. Alipona, ila alirudi akiwa mtoto mwingine, mkondefu, mwenye hasira. Kufikia wakati huo Njeri na mama yake walikuwa wamehama. Darasani Njeri alikuwa amekwisha badilisha dawati zamani.

Yule daktari wa mifugo anayekuja hapa Kilimani ni mama mmoja mpole, na nimemsumbua kwa maswali. Ndiye aliyenieleza kwamba mbwa jike huwapa watoto wake minyoo wakiwa bado tumboni, na tena kwenye maziwa. Kwamba dawa huanza wakiwa na wiki mbili tu, hurudiwa kila wiki mbili mpaka waachishwe, na mama yao hunywa pamoja nao. Kwamba kinyesi kizolewe upesi na watoto wa watu wanawe mikono. Nilimuuliza pia kama siku tatu za kuchelewesha dawa ni nyingi. Alifikiri, akasema kwa mtoto wa mbwa aliyejaa namna hiyo, pengine asingepona hata kama angepewa siku ya kwanza. Nadhani alinihurumia.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa kuchelewa. Nilikuwa mtu mzima nilipoona lile lingine. Njeri alijua kuhusu Jumamosi kama nilivyojua mimi. Mama yake alijua. Walijua tumbo likishuka Tiger atashindwa, wakampa dawa, kisha wakaniletea na mimi, ili wote wawili washuke sawa. Ningempa Mandazi ile Jumatano, Musyoka angebakisha mmoja wao, yeyote, na huyo angekuwa hai. Mimi nilishinda, na hatukubakiwa na hata mmoja.

Mbwa jike wa hapa alizaa mwezi uliopita. Watoto ni wanne. Nimewapa dawa mara ya kwanza, na mara ya pili juzi, kila mmoja kwa uzito wake, na matumbo yameshuka. Watoto wa mwenye nyumba wamenikasirikia. Wanasema nimewakondesha, walikuwa wazuri walipokuwa duara. Nawaambia wawaweke chini, wawatazame wakikimbia.