Pembe ya Kusafishia Gata

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Kasense, mahali ambapo mji wa Sumbawanga unakwisha na mashamba ya mahindi yanaanza. Baba aliijenga kwa matofali mabichi. Biashara ilipofunguliwa na mabati yakaanza kupatikana madukani bila kibali, akaezua nyasi na kuezeka bati. Baadaye akamwita fundi bati kutoka sokoni, akamtengenezea gata, ule mfereji wa bati unaopita chini ya ukingo wa paa na kupeleka maji ya mvua kwenye pipa. Baba aliipenda gata ile. Wageni wakija, kabla hawajakaa, aliwaonyesha maji yanapopita.

Tatizo lilikuwa mlingoti, yaani mkaratusi, uliosimama nyuma ya nyumba. Kuanzia mwezi wa nane upepo wa Ufipa hauna huruma, na mlingoti ule ulimwaga majani marefu membamba usiku na mchana. Yakishalowana ndani ya gata yalishikana kama mkeka. Maji yakakosa njia, yakafurika, yakamwagikia ukuta. Matofali mabichi hayawezi maji. Kona ya chumba cha baba na mama ilikuwa imeshaanza kuliwa, na mtu aliweza kuingiza ngumi pale.

Msimu wa mvua uliopita baba alipanda ngazi kutoa majani. Ngazi ikateleza kwenye tope, akaangukia nyonga. Alilala hospitali muda mrefu, akarudi na mkongojo. Siku aliyorudi tulipika maharage, na yaliiva upesi kwa sababu kuni zilikuwa kavu. Baba alikula, akanawa, akauliza kuni nzuri namna ile zimetoka wapi.

"Umeshiba, mzee?" mama akauliza.

"Nimeshiba."

"Basi."

Baba akatazama ukutani, mahali ngazi ilipokuwa ikiegemezwa. Hapakuwa na ngazi. Kwa siku kadhaa alimsalimu mama kama mtu anayemsalimu karani wa ofisini.

Baadaye alizoea kulalamika kwa utani. "Nchi nzima siku hizi ni ruksa. Kuuza ruksa, kununua ruksa, kuvaa mitumba ruksa. Marufuku imebaki nyumbani kwangu tu."

"Marufuku ni moja," mama alimjibu. "Miguu yako isiache ardhi. Mengine yote ruksa."

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nimebaki nao wawili. Kaka zangu walikuwa wameoa na kushuka bondeni, huko Muze, kulima mpunga. Nilikuwa mtu wa kusikia kuliko kusema, na ndiyo maana mama aliniambia mambo. Siku moja, miezi ya upepo, tukichambua mboga, akaniambia bila kuinua uso, "Jana nimemkuta baba yako ameweka kigoda juu ya pipa. Anasema alikuwa anakianika." Akaendelea kuchambua. "Akianguka tena hatainuka. Daktari alimwambia hivyo na mimi nikiwepo. Na ukuta ukianguka, utatuangukia sisi wawili tumelala. Sasa sijui nimwombe Mungu lipi."

Nadhani alimwambia baba maneno hayohayo, kwa sababu asubuhi iliyofuata baba aliniita uani na kutangaza kwamba gata itasafishwa na mtu aliyesimama chini. Alisema kama vile ni wazo lake.

Alianza na maji. Nilirusha ndoo nzima kuelekea juu, yakarudi yote kichwani kwangu. Kisha akakata mti mrefu wa mlingoti, akausukuma ndani ya gata. Majani yakasogea, lakini yakaenda kujibana mbele, kwenye tundu la bomba linaloshuka kwenye pipa. Hapo tukawa tumeziba hata pale palipokuwa wazi.

Baba akafikiri. Babu yake alikuwa mfua chuma, na katika ukoo wao jambo lolote gumu jibu lake ni chuma. Alichukua jembe la zamani, akaliweka motoni, akalikunja kama kucha, akalifunga kwenye ncha ya mti kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Lilikuwa zito. Alisimama chini ya gata, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine kwenye mti. Mama akasogea ashike naye.

"Acha," baba akasema. "Hii ni kazi yangu."

Akainua, akaingiza jembe ndani ya gata, akavuta kuelekea kwake kwa nguvu.

Wafipa tunalima kwa kuvuta. Tunakata udongo pamoja na nyasi zake, tunauvuta kuelekea miguuni, tunajenga tuta la mviringo ili nyasi zioze ndani. Baba alikuwa amevuta hivyo maisha yake yote na mkono wake haukujua namna nyingine. Bati la gata likalia, msumari mmoja ukang'oka, na mdomo wa gata ukachanika na kuning'inia kama sikio.

Tuliitazama wote. Mama ndiye aliyeanza.

"Umeilima," akasema.

Baba alijitahidi kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini, na kukaa chini kwake wakati ule ilikuwa shughuli. Kisha kicheko kikaisha na nikamwona anatazama juu kwa namna ambayo haikunipendeza. Alikuwa anapima umbali.

Mama naye aliona. Akaingia jikoni, akatoka na kata yake, kile kibuyu kilichopasuliwa ambacho tulichotea maji. Akakifunga mwenyewe kwenye ncha ya mti, akampa baba. Kata ilikuwa nyepesi, na mgongo wake wa mviringo ulikaa ndani ya gata kana kwamba vilizaliwa pamoja. Baba akavuta polepole. Majani meusi yaliyooza yakadondoka, halafu mengine. Mara ya tatu kata ikagonga msumari, ikavunjika.

"Kinatakiwa kitu kilichopinda hivi," baba akasema, akiwa ameshika vipande. "Chepesi hivi. Ila kigumu." Akanigeukia. "Nenda kwa jirani yetu mwenye ng'ombe. Mwombe pembe."

Jirani huyo alikuwa Msukuma aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga na familia yake na ng'ombe. Kwao palikuwa karibu, lakini kwangu safari ya kwenda kuomba kitu ilikuwa ndefu kila mara. Nilisimama nje ya uzio wao nikisubiri mtu anione.

"Yule ni mtu au ni nguzo?" mke wake akauliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, mwanangu. Usiwaogopeshe kuku."

Mzee alikuwa kwenye kigoda akisuka kamba ya ngozi. Nikamwamkia, kisha nikatoa ujumbe wote kwa pumzi moja kabla haujanikimbia. "Baba anaomba pembe ya ng'ombe."

Mikono yake ikasimama. "Pembe."

"Ndiyo, mzee."

"Mke wangu, umesikia? Binti wa Kifipa anatuomba pembe."

"Nimesikia," mke wake akasema. "Mimi nilikwambia tubaki kwetu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Waliotoka mbali huja kwetu na hofu yao, kwa sababu ya hadithi za uchawi wanazosimuliwa kuhusu Sumbawanga hata kabla hawajafika, na pembe ndimo waganga wanamoweka dawa zao. Nilitamani ardhi inimeze.

"Pembe ya nini?" mzee akauliza kwa upole.

"Ya gata."

Akatikisa kichwa. "Huo ugonjwa siujui. Unashika wapi?"

Nikajaribu kueleza, maneno yakakwama, nikabaki nikionyesha paa la nyumba yao kwa kidole. Wakatazama paa lao, wakatazamana. Mwishowe mzee akainuka, akatafuta pembe kubwa iliyopinda vizuri, akaificha ndani ya shuka lake. "Twende wote," akasema. "Nikimwona mgonjwa mwenyewe nitaamini. Na wewe tembea mbele. Sitaki nionekane nagawa pembe katika mji huu."

Alipoona gata na jembe lililokunjwa na mdomo uliochanika, alicheka mpaka shuka likamvuka begani. Kisha yeye na baba wakakaa kufanya kazi. Waliichemsha pembe kwenye sufuria kuukuu mpaka ikalainika, wakaipasua kwa msumeno kwa urefu, wakabaki na kijiko kirefu kilichopinda. Wakakifunga kwa tyubu. Baba akaongeza jambo lake: akatoa kioo chake cha kunyolea ndevu, akakifunga kwenye mti mwingine, akanipa niushike juu ya gata ili aone ndani bila kupanda.

Kazi ile ilikuwa na ugomvi wake. Baba alichota, mimi nilishika kioo, mama alisimama mbali kidogo akiongoza.

"Kushoto, mzee. Hapo pamebaki."

"Kushoto ipi? Ya kwenye kioo au ya kwako?"

"Ya kwangu."

"Wewe umesimama unanitazama mimi. Kushoto yako ni kulia yangu."

"Miaka yote ya ndoa nakwambia kushoto unaenda kulia, leo ndiyo umepata sababu."

Jirani alikaa kwenye jiwe akifurahi kuliko mtu aliyekuja harusini. Majani yaliyooza yalidondoka kama vipande vya ugali wa ulezi, na mama aliyakusanya kwenye ungo akayapeleka kwenye tuta la maboga. Pembe haikuchana bati. Ilipita taratibu, ikitoa sauti kama ya kukwangua sufuria. Baba alikuwa na matope usoni na shingo ilimuuma, lakini nilimsikia akipiga mluzi, kitu ambacho hakukifanya tangu atoke hospitali.

Tulisafisha mbele yote na pembeni, na mdomo uliochanika baba akausukuma kwa mti ukarudi mahali pake. Ikabaki kona ya nyuma, juu ya chumba chao. Pale ardhi inashuka kuelekea mtaroni, na mti wetu ulifika nusu tu. Jioni ilikuwa inaingia, tukaacha.

Kesho yake jirani alirudi na ngazi begani. Hakujua habari ya marufuku. Alikuja kwa wema, akaiegemeza penye kona ileile. "Nimesema kwa nini mzee mwenzangu ateseke kwa sehemu ndogo namna hii. Ningepanda mimi, lakini mwili huu ngazi itanishtaki. Na vijana wameshuka bondeni na ng'ombe." Akaaga, akaenda kwenye shughuli zake.

Mama alikuwa anapepeta ulezi. Aliitazama ngazi, akamtazama baba, akaweka ungo chini, akaingia ndani na kufunga mlango.

Nilibaki na baba. Alisogea mpaka kwenye ngazi, akaitikisa kuona kama imesimama imara. Ilikuwa imara. Aliegemeza mkongojo ukutani na kuweka mguu mzima kwenye kipandio cha kwanza. Upepo ulikuwa umetulia. Tulisikia ndani kimya kabisa, hata sufuria haikugongana na kitu, na baba aligeuza kichwa kuusikiliza ule ukimya. Alisikiliza kwa muda mrefu akiwa ameshika ngazi kwa mikono miwili.

Kisha akashusha mguu.

"Irudishe," akaniambia. "Mwambie tunashukuru sana. Mwambie tumeshamaliza."

"Hatujamaliza, baba."

"Mwambie hivyo hivyo."

Niliibeba. Niliporudi mlango ulikuwa wazi, mama anapepeta ulezi wake, na baba amekaa karibu naye akitoa mawe madogo kwenye ungo. Macho ya mama yalikuwa mekundu. Walikuwa wanazungumzia bei ya mahindi.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, siku chache baadaye, na ilikuja kubwa. Tulisimama mlangoni kusikiliza. Mbele maji yalipita vizuri, yakateleza ndani ya gata mpaka kwenye bomba. Halafu tukasikia nyuma yanamwagika. Kona ile ilikuwa imeziba, na maji yalikuwa yanapiga ukuta wa chumba chao.

Baba akachukua mti wenye pembe na kutoka. Nilimfuata mpaka penye kona ya nyumba. Alisimama mtaroni, mvua ikimpiga, akajaribu kufika, hakufika. Mama akaja nyuma yake na mti wa pili, ule wa kioo, ameshakifungua kioo na kukiacha ndani. Akaunganisha miti miwili kwa tyubu, akikaza kwa meno. Sasa mti ulikuwa mrefu na mzito kuliko mkono mmoja wa mtu mwenye mkongojo. Uliinuka kidogo, ukalala upande.

Mama hakusogea ashike. Alisubiri, kanga imemganda mwilini.

"Shika basi," baba akasema.

Akashika. Mikono yake miwili chini ya mkono wa baba. Mti ukainuka, ukayumba, pembe ikatafuta mahali pake ndani ya gata. Wakavuta pamoja, polepole, mara moja, mara nyingine. Fungu kubwa jeusi likadondoka kwenye mtaro, na maji yaliyokuwa yakipiga ukuta yakakatika. Upande wa pili wa nyumba nilisikia pipa linaanza kupokea.

Nikawaita waingie ndani. Hawakunisikia, au walinisikia. Waliendelea kusimama pale mtaroni, wameshika mti wao juu, wanatazama ukuta.