Mahamri Yangu na Bondia wa Ujerumani

Sikwenda London kutembea. Nilitumwa. Dada yangu Mwanaidi alikaa Bremen miaka mingi na mumewe Mjerumani, hadi alipofiwa akarudi kwetu Mombasa. Ana binti mmoja tu, Zuhura, na binti huyo ni bondia. Alianza ngumi za ridhaa akiwa msichana wa shule, akachaguliwa timu ya taifa ya Ujerumani, akaleta medali tukamshangilia hata sisi tusiojua raundi ni nini. Kisha akaingia ngumi za kulipwa, ambako kofia ya kinga huvuliwa na kila kipigo hufika. Mwanzoni alishinda. Mapambano yake mawili ya mwisho alipigwa, na safari ya pili alitoka na jicho lililofumba kabisa.

"Hili la London nenda ukaliangalie wewe," dada aliniambia. "Mimi na goti hili sifiki hata uwanja wa ndege, na hata ningefika nisingethubutu kutazama. Akishinda, mpongeze. Akipigwa tena, mwambie mama yake amesema basi, ngumi aziache. Maneno kama hayo hayasemwi kwa simu. Akiambiwa usoni na mkubwa wake, atatii."

Nikayabeba maneno yale pamoja na sanduku langu.

Lewisham ndiko nilikofikia, kwa Wanjiku, muuguzi aliyewahi kuwa jirani yetu Mombasa. Mimi kazi yangu ni kupika vyakula vya harusi, kwa hivyo kabla sijauliza habari za Malkia wala Mfalme niliulizia sokoni ni wapi. Nilipata mbaazi, iliki na tui la kopo. Asubuhi ya siku ya pili nilikuwa nimeshaliteka jiko la Wanjiku, nasukuma mahamri. Alirudi kutoka zamu ya usiku akasimama mlangoni na koti lake.

"Auntie, hizo ni za Zuhura? Si kesho ako na weigh-in, anapimwa uzito? Uliza coach wake kwanza."

"Niombe ruhusa kumlisha mtoto wa dada yangu?" nikamjibu. "Wewe nenda kalale."

Alicheka, akachukua moja, akaenda kulala.

Alasiri nilipanda treni ya DLR kuelekea hoteli alikofikia Zuhura, upande wa mashariki. Nilikaa kiti cha mbele kabisa, pale ambapo dereva angekaa, maana treni ile haina dereva. Yaondoka yenyewe, yakata kona yenyewe, yapita juu ya maji kati ya majumba ya vioo. Nilipiga bismillahi nikaukumbatia mfuko wangu wa chakula.

Zuhura alinifungulia mlango. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Una homa?"

"Sina."

Midomo ilikuwa imemkauka na mashavu yameingia ndani. Nilimwona kama mtu aliyelala njaa siku nyingi, na moyo uliniuma. Nikafunua chakula. Harufu ya iliki ikajaa chumba kizima. Alikitazama, akanitazama mimi, akakitazama tena.

"Kula, mwanangu. Nimekupikia kwa mikono yangu."

"Nitakula, mama mdogo. Nawe umetoka mbali."

Alikula mahamri mawili na mbaazi, akanywa kikombe cha chai ya maziwa, akasema alhamdulillahi. Nilirudi Lewisham kichwa juu.

Kulipokucha nilikuwa kwenye ukumbi wa kupimia uzito. Zuhura alipanda mizani, na mtu wa mizani akatikisa kichwa. Amezidi. Kocha wake, mzee wa Kijerumani mwenye pua iliyovunjika zamani, alimuuliza jambo kwa sauti ya chini. Katika majibu yote ya Kijerumani nilisikia neno moja tu: mahamri. Yule mzee aligeuka akanitazama, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Bondia aliyezidi hupewa muda mfupi ajaribu tena. Akishindwa, pambano huweza kuvunjwa. Walimvisha nguo za nailoni, wakamtia kwenye chumba kidogo chenye joto, akaanza kuruka kamba. Tangu jana, baada ya chai yangu, hakuwa amegusa maji. Nilikaa kwenye kigoda sina pa kuuweka uso.

"Kwa nini hukukataa?" nikamuuliza.

"Chakula cha mama mdogo?" alisema, kamba haikusimama. "Hukataliwa vipi?"

Jasho lilimtoka, kisha likawa halitoki, naye yuaruka tu. Nimepika harusi nyingi, nimewaona watu wakigombania sahani, lakini sijapata kuona mtu akipigana na mwili wake mwenyewe namna ile, kimya, bila kumlaumu yeyote. Nilistaajabu hadi machozi. Aliporudi kwenye mizani alipita, na kocha akampa maji kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko.

Jioni ya siku iliyofuata, ukumbi ulijaa Waingereza wakimwimbia binti yao, mpinzani wa mwanangu. Zuhura alipotajwa walimzomea. Mimi siku zote nilidhani ngumi ni ugomvi uliowekewa refa. Nilikosea. Mwanangu alikuwa akisogeza kichwa kidogo tu, na konde linampita sikioni. Aliweka mguu, akageuka, akapiga, akawa hayupo tena pale. Raundi za katikati alipigwa sana, mdomo ukachanika, nami nilifumba macho kama ambavyo dada angefumba. Raundi ya mwisho nilijilazimisha kutazama. Alisimama katikati ya ulingo, hakurudi nyuma hata hatua, na wale wale waliomzomea wakaanza kumpigia makofi.

Majaji wakampa Mwingereza, kwa pointi chache.

Nilimkuta chumba cha kubadilishia, barafu mdomoni. Maneno ya dada yalikuwa ulimini. Kabla sijasema, aliinua uso, na uso ule ulikuwa unacheka.

"Mama mdogo, raundi ya mwisho uliiona? Niliiweza."

"Niliiona. Zuhura, ni mahamri yangu?"

"Mahamri yalikuwa matamu. Aliyenishinda ni yule msichana. Nataka nikutane naye tena."

Nikamshika mkono, na maneno ya dada sikuyatoa.

Mombasa, dada alinipokea barazani. Hakuniuliza habari za London.

"Amepigwa," alisema.

"Amepigwa."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia."

Alikasirika, na alikuwa na haki. Nikamsimulia yote: mizani, kamba, raundi ya mwisho, uso ule unaocheka.

"Basi nitamwambia mimi," alisema. "Au wadhani hatanitii?"

"Atakutii," nikamjibu. "Hilo ndilo nililojifunza huko. Atakutii kama alivyokula chakula changu. Atakwambia alhamdulillahi, na wewe hutajua umemuumiza wapi."

Dada alilisugua goti lake.

"Huyo msichana wa Kiingereza," aliuliza hatimaye, "watakutana tena lini?"