Kabati la Marehemu Baba

Fundi saa alikuwa na dini moja kazini: saa inayotembea haifunguliwi. Ubaya ni kwamba dini hiyo aliifuata hata kwenye karata. Mchezo wao ni wa karata tano mkononi. Unaruhusiwa mara moja tu kutupa usizozitaka na kuchukua nyingine, au ubaki na ulizonazo. Yeye alibaki. Apewe takataka, anabaki.

Na kinyozi, mdogo wake, alimla kila mwezi.

Walichogombea ni kabati la marehemu baba yao. Anayeshindwa ndiye anayekaa nalo, na ni kubwa kama gari. Chumbani kwa fundi lilipata nafasi moja tu, mlangoni. Kwa hiyo yeye na mkewe waliingia na kutoka kwa dirisha, mwaka mzima, kama wezi wa nyumbani kwao. Nguo walitundika kwenye kamba, maana kabati la marehemu nalo halifunguliwi.

Sasa wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yao.

“Mama mkwe wa mwanangu hapandi dirisha,” mkewe alisema. “Leo ubadilishe karata, au hamia wewe humo kabatini.”

Fundi akapewa maua manne na saba ya kopa. Ua la tano, zote ziwe za aina moja, lingempa ushindi. Akibaki, hana kitu. Akaishika ile saba, akairudisha, akaishika tena. Alihisi anafungua saa ya mtu mwenye hasira.

“Nipe moja,” akasema.

Kinyozi aliduwaa. Tangu wazaliwe hajawahi kusikia neno hilo. Huyu bwana kabakisha nne, akawaza, basi ni nne za kutisha. Akazitupa zake chini. “Chukua ushindi, kaka. Sitaki presha.”

Mke wa fundi, aliyekaa pembeni akiwatazama, akazifunua za kinyozi: wafalme watatu. Za mumewe je? Maua manne na tatu ya kopa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Wakalibeba siku hiyo hiyo, fundi mbele kama kawaida yake, mkubwa hutangulia. Kwa kinyozi nako likatosha mlangoni tu, wakalisukumia hapo wao wakiwa nje, na dirisha lake lina nondo. Fundi akaingiwa na huruma.

“Sasa utaingilia wapi, mdogo wangu?”

“Si hapa?” Kinyozi akafungua milango ya kabati, akaingia, akasukuma ubao wa nyuma. Ukafunguka. Akasimama katikati ya chumba chake, anawakaribisha. “Ubao huu niliutia bawaba zamani, kwa ndani, lilipokuwa kwangu. Kwani nyie mlikuwa mnapita wapi?”

Mke wa fundi alitazama magoti yake yenye makovu ya dirisha, kisha akamgeukia mumewe taratibu.

“Mke wangu,” fundi akaanza, “saa inayotembea…”

“Malizia,” mkewe akasema. “Malizia hiyo sentensi.”

Fundi akaona hapo ndipo pa kubaki na alizonazo.