Kahawa Chungu kwenye Matanga

Jirani yangu wa Blaine, mji tunaoishi huku Amerika, alikuwa Mpalestina. Mume wangu alipofariki, alikuja kila siku na birika la kahawa isiyo na sukari, maana kwao kahawa ya msiba haitiwi utamu. Siku ya kuanua matanga alikuja tena, akaketi karibu na mlango wa jikoni.

Mama mmoja wa kanisani alionja, akakunja uso. "Sukari imekwisha Amerika? Huyu dada anataka tumfuate marehemu!"

Watu wakacheka. Jirani naye akacheka, ingawa hajui Kiswahili.

Sisi Wakongomani hatumalizi matanga bila kuishukuru nchi iliyotupokea, kwa hiyo mchungaji aliposimama nilijua atafika hapo. Alishukuru kwa viza, akashukuru kwa hospitali iliyomhudumia mume wangu. Kisha akasema, "Na wiki hii Amerika imetamka kwamba makazi ya Waisraeli kule Ukingo wa Magharibi hayavunji sheria. Nchi ya ahadi inarudi kwa wenyewe. Tumpigie Bwana makofi!"

Wakapiga makofi, wengine na vigelegele. Israeli tunaijua kwa Biblia tu. Ukituambia kuna mtu anayelima huko leo, tunashangaa.

Jirani alinivuta mkono. Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza akauliza, "Nimesikia Israeli, nimesikia Amerika. Wanafurahia nini, dada?"

Ningeweza kusema wanamsifu Mungu, na usingekuwa uongo mtupu. Lakini picha ya mume wangu ilikuwa mezani mbele yangu. Alikufa akiuliza ni nani anayechunga ng'ombe kwenye kilima chetu kule Masisi. Wenye bunduki walitufukuza, wakajenga, na sasa wana hati za serikali. Karibu kila aliyepiga makofi sebuleni kwangu alikuwa na kilima chake kilichokwenda hivyo.

Nikamwambia kweli. "Wanashukuru kwa sababu Amerika imesema yale makazi ni halali."

"Yale yaliyojengwa kwenye mizeituni ya baba yangu?"

"Ndiyo. Hayo."

Alinitazama kidogo. Kisha akainuka, akachukua birika, akawazungukia wageni wote, na kikombe cha mchungaji akakijaza kama vya wengine.

"Mungu akubariki, mama," mchungaji akamwambia.

Nilitaka kusimama niseme, ardhi ile ina wenyewe, na mmoja wao ndiye huyu anayekumiminia. Kiti kilinishika.

Alipoondoka alilisahau birika. Asubuhi nililiosha, nikampelekea. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimelala, akasema asante. Siku zote alikuwa akinivuta ndani hata kabla sijavua viatu. Siku hiyo alibaki amesimama mlangoni, baridi ikiingia nyumbani mwake, akingoja niage.