Wimbo wa Kumtafuta Mume Wangu

Watu wengi wanaujua ule wimbo kama wimbo wa mapenzi. Wameucheza kwenye harusi, wameusikiliza saluni, na madereva wameupiga ndani ya magari ya watalii wakipanda kwenda Ngorongoro. Mimi niliutunga ili mume wangu awashe simu.

Mume wangu alikuwa dereva wa watalii, Mwiraqw wa Mbulumbulu. Mimi ni wa Rombo. Nilikuja Karatu kuuza vitenge, nikajiunga na kwaya, na huko ndiko alikoniona. Mungu akatupa mtoto mmoja wa kike. Masika moja mtoto alikuwa kwa bibi yake, mume wangu akaenda kumchukua kwa pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa kule ukilowa huwa kama sabuni. Kwenye mteremko pikipiki iliteleza. Yeye alichubuka mkono tu. Mtoto alikata roho kabla hawajafika hospitali.

Tulimzika Mbulumbulu, pembeni ya shamba la mahindi. Baada ya hapo mume wangu alikuwa akienda kazini, akirudi analala bila kula, uso ukutani. Nilimwambia simlaumu. Nilimwambia tena na tena, mpaka nikaona maneno hayo yanamuumiza kuliko kama ningemtukana. Asubuhi moja akasema anakwenda Loliondo, amesikia kuna kazi ya ufundi. Alibeba begi dogo, hakunitazama. Mwanzoni simu yake iliita bila kupokelewa. Baadaye ikawa haipatikani kabisa.

Nilikwenda polisi. Niliwauliza madereva wenzake, niliwauliza wauza ng'ombe waliokuja mnadani. Mama mkwe wangu, ambaye mimi pia nilimwita Aayo, yaani mama, kama wanavyomwita watoto wake, alihamia kwangu. Akawa analala kwenye kitanda cha mtoto. Kila kukicha alikuwa na swali moja.

"Umempigia?"

"Nimepiga, Aayo."

"Piga tena."

Nilipokuwa peke yangu dukani nilianza kuimba yale ambayo ningemwambia kama angepokea. Jirani yangu mmoja alikuwa na studio nyuma ya duka la dawa. Siku moja alisimama mlangoni akanisikiliza.

"Dada, hayo maneno tuyarekodi," akasema.

"Yatanisaidia nini?"

"Redio inafika mahali ambapo wewe hufiki."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilifunga duka nikamfuata. Kiitikio kilitoka mara moja: *Washa simu, nyumba imenyamaza, sina neno nawe, njoo tu.* Kulikuwa na ubeti mmoja wa mtoto wetu. Kila nilipoufikia sauti ilikatika. Tulirudia mpaka jirani akazima mashine.

"Ubeti huu tuuache," akaniambia kwa upole. "Hata bila huo, watu watauelewa wimbo."

Waliuelewa, lakini kwa namna yao. Madereva waliupeleka Arusha, redio ikaupiga, kisha mitandao ikauchukua. Vijana walijirekodi wakijifuta machozi ya uongo. Wanawake waliokimbiwa na waume walikuja dukani, wakashika kitenge bila kukitazama, wakaanza kulia. Wanaume nisiowajua walinipigia wakisema, "Mke wangu, ni mimi." Nilijua ni waongo, na bado kila simu niliipokea, maana huenda moja ingekuwa yake. Aayo alikaa karibu na redio. Wimbo ukianza alinyamazisha kila mtu, kana kwamba mwanawe ndiye angejibu mwishoni.

Akajibu kweli. Ilikuwa namba ngeni, na nyuma yake nilisikia kengele za ng'ombe.

"Nimekusikia," akasema. "Waambie wasiupige tena."

"Uko wapi?"

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Mama yako yuko hapa," nikasema. "Analala kitanda cha mtoto."

"Niko Arash, huku Loliondo," akasema, na simu ikakatika.

Aayo hakungoja nimalize kumweleza. Alijifunga shuka lake, akaweka mahindi ya kuchemsha kwenye kikapu. Tulishuka Mto wa Mbu, tukapanda basi la Loliondo linalopita Digodigo, barabara ikatupiga mpaka mgongo wa Aayo ukakataa kunyooka. Huko Arash tulimkuta nje ya kibanda cha bati, anafungua injini ya pikipiki, wachungaji wawili wamesimama wanangoja. Alikuwa amekonda, ndevu zimejaa. Mama yake alimshika uso kwa mikono yote miwili akazungumza naye Kiiraqw, taratibu, maneno ambayo sikuyaelewa na sikuuliza. Nami nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Baadaye mume wangu akanigeukia.

"Wachungaji hapa wanauimba," akasema. "Wananiuliza kama mwanamke yule alimpata mume wake. Nchi nzima inanililia mimi. Mtoto hayumo. Niliusikiliza mpaka mwisho nikimngoja, hayumo."

"Alikuwemo," nikasema. "Nilishindwa kumfikisha."

Akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimwona akilia, mikono yake imejaa oili, hana pa kujifutia. Nilitaka kumpa khanga yangu. Aayo alinitangulia.

Alikataa kurudi nasi. Mwaka huohuo, wakati wa kuvuna, alikuja Mbulumbulu kwa sababu mama yake alimwomba ajengee kaburi. Tulichanganya saruji pamoja, yeye akilainisha kingo kwa mwiko, mimi nikimletea maji. Kwa saa zile chache nilijidanganya kwamba ameshanirudia. Kazi ilipokwisha akanawa, akachukua begi.

"Utarudi?" nikamuuliza barabarani.

"Sijui."

"Basi niambie nisikungoje."

"Hilo siwezi kukuambia," akasema.

Siku hizi humpigia mama yake Jumapili. Mimi hanipigii. Nilimwomba jirani yangu auondoe wimbo, akajaribu, lakini ulishasambaa kwenye simu za watu wasiotujua, na wengine wameuimba upya kwa sauti zao. Juzi kwenye harusi moja mshereheshaji aliniona, akaniita mbele niwaimbie maharusi. Bibi harusi alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Nilisema nimepata mafua, nikatoka nje, nikasimama kwenye ukungu pamoja na wanawake waliokuwa wakipika, nikawasaidia kumenya ndizi mpaka waliokuwa ndani wakamaliza kucheza.