Tangawizi niliyomchemshia mama mkwe

Hata leo naona haya. Mama mkwe alitoka Gitambi akikohoa, akafikia kwetu Kamembe. Nikataka anipende, nikamchemshia tangawizi mbichi ifungue kifua, tena nikatwanga nyingi kupita kiasi.

Tangu vita watu wanaogopa sumu, kwa hiyo anayekaribisha huonja kwanza mbele ya mgeni. Nikapiga funda kubwa. Koo likawaka, machozi yakanitoka, sauti ikakatika.

Mama mkwe akaruka, akawaita majirani waje. "Mukuye! Amekunywa sumu yenye alitaka kunipa!"

Majirani wakajaa nyumbani, wakanimiminia mdomoni maziwa ya kuua sumu. Sauti iliporudi nikasema, "Maman, ni tangawizi tu."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akanisogezea kikombe cha tangawizi.

"Basi, maliza yote."